Turubai Moja

"Mwezi huu hainyeshi! Tangu nizaliwe haijawahi kunyesha mwezi huu!" Fundi tofali alifoka, kasimama juu ya stuli.

"Basi iambie hiyo inayodondokea chai yako," mkewe akamjibu, sauti juu vilevile.

Nje kulikuwa na tofali mbichi elfu mbili, kazi ya wiki tatu, na maji yakizipata zinarudi udongo. Turubai walikuwa nalo moja tu, na lilikuwa limefungwa juu ya kitanda cha mama yake fundi, pale upepo ulipong'oa bati.

"Mtu akilowa anakauka," alisema fundi, mkono ushafika kwenye kamba. "Tofali mbichi ikilowa, imekwisha."

"Rudia, mama'ko akusikie vizuri!"

"Nishasikia, mimi si kiziwi," mama yake akaitikia kutoka kitandani, akikohoa. "Lichukue, mwanangu. Mniletee ndoo tu."

Mvua ikazidi kupiga bati. Fundi akaiachia kamba, akashuka, akabeba jembe akachimbe mfereji, japo alijua mfereji hauzuii maji ya juu. Akatoka, akafunga mlango vizuri, upepo usimfikie mama yake.