Kadi ya Mwisho ya Dickson

Nilifundisha shule za msingi kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo niliweza kumsamehe mtoto makosa mengi, lakini si uongo. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa hayanipendezi. Nayaandika kwa sababu wajukuu wangu wamezoea kuniita mtu mnyoofu, na ni haki yao kujua kwamba kuna jambo moja ambalo sikulinyoosha mpaka nilipofikisha miaka sabini na mitatu.

Kila Jumamosi asubuhi huwa tunakutana Ndandalo, nyumbani kwa Hebroni, ambaye katika ujana wake alisifika kwa kupiga ngoma ya ling'oma na sasa ni mkulima wa kakao. Tuko wanne: Hebroni mwenyewe; Stella, mjane anayefanya biashara ya vitenge kati ya Kyela na Karonga, ng'ambo Malawi, ambako ni kwao upande wa mama; Dickson, aliyekuwa fundi baiskeli; na mimi, ambaye wote huniita Mwalimu. Kakao ikiwa imeanikwa juu ya vichanja, tunakaa kandokando tukiigeuza kwa mikono ili ikauke sawasawa. Kazi hiyo inashughulisha mikono na kuviacha vinywa bila kazi.

Jumamosi ninayoizungumzia ilikuwa ya mwezi Juni, mvua zikiwa zimekatika. Dickson alifika na redio yake kwapani, akatoa betri nne, akazipanga juani kwenye kona ya kichanja, pembeni ya kakao, kama alivyofanya tangu tulipokuwa vijana, ili zirudishe nguvu.

"Dickson, kakao yangu itanuka betri," Hebroni akalalamika. "Wenye chokoleti zao wataniandikia barua."

"Watakuandikia kukushukuru," Stella akasema. "Watoto wa Ulaya wakila, matumbo yataanza kusoma habari kama redio."

"Chekeni," Dickson akajibu. "Betri hizi zina miezi mitatu. Simu yako, Stella, inamaliza chaji kabla ya chai."

"Simu yangu ina kazi. Usiku wa kuamkia leo nimemaliza vipande sita vya tamthilia ya Kikorea. Yule mama mkwe ni mchawi, nawaambieni. Karibu niivunje simu."

Nilisema kwamba mwanamke wa miaka sitini na minane anapaswa kuwa na mambo mazito zaidi ya mama mkwe wa Korea. Stella hakuniangalia hata kidogo.

"Mwalimu, wewe hujawahi kupenda kitu chochote kinachochekesha wala kuliza. Hata ile sinema ya gari la serikali, ilipokuja uwanjani na kitambaa cheupe, watu wote walikaa chini, wewe ulisimama na fimbo."

"Nilisimamia utaratibu."

"Ulisimama mbele ya kitambaa! Nusu ya kijiji waliangalia kichwa chako."

Hebroni alicheka hadi akajishika mbavu. Wakaendelea hivyo, wakikumbuka kaseti zilizozungushwa kwa kalamu ili kuokoa betri, na mpira wa redioni ambao kila mtu aliuona kwa namna yake, hata watu wawili waliosikiliza redio moja wakabishana goli limefungwa kwa mguu upi. Wakakumbuka kibanda cha video pale Mbugani, ambapo jamaa mmoja alikuwa akiwatafsiria Wachina wa kwenye filamu na kuwapa majina ya watu wa Ngana, mpaka watu wa Ngana wenyewe wakaenda kumlalamikia. Hebroni alisema kwamba siku hizi nyumbani kwake kuna watu saba na kila mmoja ana simu yake na vitu vya masikioni. Akicheka mmoja, sita hawajui kilichomchekesha. Stella akapinga. Alisema dada zake wa Karonga wamemtumia video ya ngoma ya mganda iliyochezwa kwenye harusi aliyoshindwa kuhudhuria, na alilia kwa furaha peke yake dukani. "Hayo ungeyapata kwenye kaseti yako?" akauliza. Nami niliona kuwa amesema kweli.

Dickson alikuwa akizigeuza betri zake tu. Nasi tulijua kwamba Dickson akinyamaza kuna habari.

"Kipindi changu cha salamu kinafungwa," akasema. "Jumamosi ijayo ndiyo mwisho."

Msomaji kijana huenda asijue maana ya maneno hayo. Zamani mtu alinunua kadi ya salamu, akajaza jina lake na mahali alipo, akaorodhesha watu wa kusalimiwa na ujumbe wao, kisha akaituma redioni ikasomwe. Dickson alituma kadi tangu mwaka 1979, kwanza kwa redio ya taifa, na miaka ya karibuni kwa kituo kidogo cha hapa wilayani, ambacho ndicho kilichokuwa kikiendelea kuzisoma. Katika mfuko wa shati lake hakukosa kadi tupu, kama vile mwingine asivyokosa leso.

"Wamesema watu wanatuma ujumbe kwa simu, kadi hazifiki kumi kwa wiki," akaendelea. "Wana haki. Mimi mwenyewe jana nilikuwa najiuliza. Miaka arobaini na mitano natuma. Nimewasalimu watu wa migodini, wa jeshini, wa kwenye meli. Katika hao wote, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, 'Dickson, nilikuwa mahali fulani, nikasikia.' Labda nilikuwa napiga kelele kisimani."

Mikono yangu ilisimama juu ya kakao.

Akatoa kadi tatu zilizokuwa zimegeuka rangi kingoni. "Ndizo zilizobaki. Hebroni, shika. Stella, shika. Hii ya tatu ni yangu ya kuaga. Mwalimu utanisamehe, najua wewe husikilizi vipindi vya salamu."

Alisema bila kinyongo. Alikuwa akirudia tu maneno yangu mwenyewe, na hapo ndipo ninapopaswa kueleza.

Mwaka 1986 nilikuwa Tabora, chuoni, nikisoma ili nipande daraja. Nilimwacha mke wangu, Keziya, akiwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimetutoka kabla ya hiyo. Mwezi Aprili Kyela ilifurika, madaraja yakaenda na maji, nyaya za simu zikaanguka, na kwa wiki tano sikupata neno lolote kutoka nyumbani. Nilikonda. Mwishowe niliandika barua ya kuacha masomo, nikaitia mfukoni ili nimkabidhi mkuu wa chuo baada ya chakula cha mchana. Nikiwa bwaloni na sahani mbele yangu, redio ya jikoni ikasema: "Dickson wa Ndandalo, Kyela, anamsalimu Mwalimu Eliud aliyeko chuoni Tabora. Ujumbe: Keziya amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, wanakula vizuri. Usirudi. Soma."

Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya tangi la maji na kuichana ile barua vipande vipande. Nililia, na sikumbuki kulia tena mpaka nilipomzika mama yangu. Cheo changu chote, ualimu mkuu, nyumba niliyojenga, shule alizosoma Tumaini, huyo mtoto wa kike, na sasa mwanawe Lusungu anayesomea uuguzi, vyote vilipita katika kadi ile.

Niliporudi Desemba, Dickson alinipokea kituo cha basi, na baiskeli yake tayari kwa mizigo yangu. Walimu wenzangu walikuwapo. Hao walikuwa wamenisikia mara nyingi nikisema kwamba vipindi vya salamu ni vya watu wasio na kazi. Dickson akauliza kwa sauti, uso wote unameremeta: "Ulisikia kadi yangu?"

Nikasema: "Mimi sisikilizi vipindi vya salamu. Nilipata barua."

Uso wake ulifanya nini sitaki kueleza. Alifunga mizigo yangu kwenye baiskeli na kuikokota mpaka nyumbani.

Sasa, miaka thelathini na minane baadaye, alikuwa ameketi mbele yangu akisema labda alipiga kelele kisimani. Ningeweza kumwambia palepale. Nilifungua kinywa, na kilichotoka ni hiki:

"Dickson, naomba kadi."

Stella aliacha kugeuza kakao. "Haya! Kesho jua litachomoza magharibi."

"Mwalimu unataka kumsalimu nani?" Hebroni akauliza. "Waziri wa Elimu?"

"Nina salamu," nikasema. "Naomba kadi."

Dickson aliitazama kadi ya tatu, ile yake ya kuaga. Aliigeuza mara moja. Kisha akanipa, wala hakuuliza ni ya nini. Kwa mtu kama mimi, kupewa bila kuulizwa ni kuzito kuliko kunyimwa.

Nyumbani niliiweka kadi mezani kwa siku mbili. Nimeandika ripoti za shule nzima kwa usiku mmoja, lakini mistari ile minne ilinishinda. Keziya alikuja na uji, akaisoma kutoka begani kwangu.

"Hatimaye," akasema.

"Hatimaye nini?"

"Mume wangu, miaka yote hii unawaambia watu ulipata barua. Barua aliiandika nani? Mimi nilikuwa kitandani na dripu mkononi. Baba hakujua kuandika. Dickson alikuja wodini akasema ana kadi moja mfukoni, nami nikamwambia cha kuweka. Alitembea kwa miguu siku nzima kupita mafuriko, akampata mtu aliyekuwa safarini kwenda kupanda treni ya Dar es Salaam, akamsihi aitumbukize kwenye sanduku la redio lenyewe."

"Kwa nini hukuwahi kuniumbua?"

"Nilikuwa nasubiri ujiumbue. Wewe ndiye uliyewafundisha watoto kwamba kukiri mwenyewe kuna maana zaidi. Kunywa uji."

Niliandika usiku uleule, na kesho yake niliipeleka kadi mwenyewe mpaka mapokezi ya kituo, nikahakikisha imegongwa muhuri.

Jumamosi ilipofika tulikutana tena kwa Hebroni. Betri za Dickson zilikuwa zimekaa juani tangu saa moja asubuhi, na saa nne kamili akazirudisha ndani ya redio, akaiweka katikati ya vichanja. Mtangazaji, binti mmoja aitwaye Atupele, alianza kwa kuwashukuru wasikilizaji wa miaka yote. Akasoma kadi ya Stella iliyowasalimu dada zake wa Karonga mmoja mmoja, na ukoo mzima nyuma yao. Akasoma ya Hebroni, iliyomsalimu ng'ombe wake. Kisha akasema: "Na hii hapa, jamani, imeandikwa kwa mwandiko mzuri ambao sijapata kuuona. Inatoka kwa Mwalimu Eliud wa Mbugani. Anamsalimu mtu mmoja tu..."

Redio ikakohoa. Sauti ikawa nyembamba, ikazama, ikanyamaza.

"Betri!" Hebroni akapiga kelele.

Dickson alizitoa, akazisugua kwenye suruali, akazigonganisha, akazirudisha. Kimya. Stella akachomoa simu yake ili aitafute ile stesheni, lakini simu ilitaka waya wa masikioni ndipo ishike mawimbi, na waya ulikuwa chini kabisa ya mkoba, umejisokota na uzi wa kushonea.

Hapo nilielewa kwamba kadi ilikuwa imesomwa redioni, na wilaya nzima ilikuwa imeisikia, isipokuwa mtu mmoja niliyemwandikia. Nilikuwa nimejificha nyuma ya sauti ya binti asiyenijua. Nikasimama, kama nilivyowasimamisha watoto wengi mbele ya darasa.

"Kadi inasema hivi," nikaanza. "Mwalimu Eliud anamsalimu Dickson wa Ndandalo. Ujumbe: Nilikuwa bwaloni Tabora, nikasikia. Niliichana barua ya kuacha chuo. Nilikudanganya mbele za watu kwa kiburi. Kila nilichonacho kilipita mkononi mwako. Ndaga fijo, asante sana."

Stella alikuwa ameshika waya hewani.

"Ulisikia?" Dickson akauliza taratibu.

"Neno kwa neno. 'Wote wazima, wanakula vizuri. Usirudi. Soma.'"

Alikaa chini kwenye kigoda. Akaupangusa uso kwa kiganja, kikaacha vumbi la kakao shavuni. Kisha akasema:

"Walikuwa wanakula jogoo wako. Yule mwekundu. Tulimchinja siku ya pili Keziya apate mchuzi. Nilitaka kuliandika hilo pia, nafasi kwenye kadi ikaisha."

"Keziya aliniambia jogoo aliibwa!"

"Basi na yeye aandike kadi yake," Stella akasema, na sote wanne tukacheka kama watu wanaotazama kitu kimoja kwa pamoja.

Wakati huo simu ya Stella ikashika. Salamu zilikuwa zimekwisha. Atupele alikuwa ameaga, na wimbo wa zamani wa dansi ulikuwa ukipigwa. Hebroni alianza kuufuatisha kwa vidole juu ya ubao wa kichanja. Dickson alinyoosha mkono akanishika wangu, akaushika hadi wimbo ulipokwisha, kisha akaziokota betri zake na kuzipanga upya juani, moja baada ya nyingine.

"Za nini tena?" nikamwuliza. "Kipindi kimefungwa."

"Saa saba kuna taarifa ya habari, Mwalimu," akasema. "Hiyo huwa unasikiliza."