Kinachovimba Hupasuka

Mwaka wa hamsini na nane, Mwalimu Lutengano wa shule moja ya misheni huko Iringa alilewa elimu. Padri mmoja alimpa gazeti la wanasayansi, basi darasani hapakukalika.

"Nyota kubwa ikilipuka," aliwaambia wanafunzi, "chembe ya chuma humeza vijichembe, ikavimba. Inakuwa dhahabu, inakuwa urani ya mabomu, inazidi. Ikizidi mno haijiwezi, inapasuka vipande viwili, na vipande vyenyewe vinaanza kuvimba upya. Ndiyo maana kila uzito una mwisho wake." Haya, msomi! Ya mbinguni aliyajua, ya kwao aliyasahau.

Mwaka huohuo mkewe, Ikupa, alijifungua mapacha. Kwao, kwa Wanyakyusa, mapacha si mchezo. Wazazi hukaa kando, hawagusi ndugu mpaka mganga awaoshe kwa dawa. Wasipooshwa, wazee husema, ndugu watavimba mwili. Lutengano alicheka tu. Krismasi akapanda lori hadi kijijini kwao Ilomba, akamkumbatia mama yake, Atuganile, bila kuoshwa.

Februari, miguu ya mama ikavimba.

Habari zilipomfikia, Lutengano alijua ni ugonjwa wa moyo. Alikodi lori la Halfani, mfanyabiashara wa mjini, ampeleke mama hospitali ya Tosamaganga. Alipofika Ilomba, mlango wa mama ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Mama, fungua. Ni moyo tu, dawa ipo."

"Ulinigusa na mapacha wako, mwanangu. Usije kunimaliza."

"Mama, hayo mambo ya zamani..."

"Kaoshwe kwanza. Ukioshwa, lori napanda leo hii."

"Mkataa kwao ni mtumwa, bwana mwalimu," alidakia kaka yake, Asukile.

Jamani, maji na majani tu! Lakini kiburi si maungwana. Lutengano alisema hawezi kufundisha watoto jambo hili na kutenda lile, akaketi ndani ya lori siku mbili, amenuna. Siku ya tatu alisikia mama anavyohema nyuma ya ukuta, pumzi fupifupi, na moyo ukamkatika. "Kamwiteni mganga," akasema. Asukile akatoka mbio kwenda Rungwe, alikokaa mganga.

Mama alikufa kesho yake, jua linachomoza. Walimzika siku hiyohiyo. Lutengano aliwekwa ng'ambo ya migomba, haruhusiwi hata kutupa konzi ya udongo, akawa analia peke yake huku akisikia majembe.

Siku iliyofuata Asukile alirudi na mganga. Mganga akammiminia Lutengano maji, akampaka majani yaliyopondwa, akasema maneno mawili matatu. Asukile akaufungua ule mlango wa mama. "Umetakata, ndugu yangu. Ingia sasa."

Lutengano aliingia, akakaa kwenye kitanda kitupu. Kuoshwa kwenyewe hakukuchukua hata kipindi kimoja cha darasani.