Uso wa Majaliwa Bomani

Lile lipiko nililitoa mwenyewe, kwa mikono yangu hii, na hakuna aliyenilazimisha. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Mwaka uliofuata vita vya Majimaji alikuja Newala Mdachi mmoja mkusanya vitu. Jumbe akapita nyumba kwa nyumba: kila mchongaji atoe kazi moja ipelekwe Ulaya, kwenye nyumba ya kutazamia vitu. Wenzangu wakatoa vijiko, vitana na vikopo vya tumbaku. Mimi nikaenda kwenye kibanda cha porini, wanaume tunakoficha vinyago vya kuvaa usoni wakati wa ngoma za jando, nikachukua lipiko lenye uso wa mdogo wangu Majaliwa. Nililichonga kwa uchungu, na kwa ujinga wangu nikalifanya yeye hasa: chale za mashavuni, sikio la kushoto lililochanika. Hakuna mchezaji aliyekubali kulivaa. Nikasema liende huko Ulaya, nami nipumue.

Nani angedhani Mdachi atavitandaza vitu vyote uwanjani pa boma, watu waje kutazama kabla ya kufungwa masandukuni? Tena wote, hata wanawake! Kwa wanawake wetu lipiko si mti uliochongwa, ni mfu aliyerudi, na wakiliona hukimbia.

Na mama yangu aliamini Majaliwa yuko Lindi kwenye mashamba ya katani. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Kweli ni kwamba nilimwona Masasi, amenyongwa na Wadachi wakati wa vita, akining'inia, kamba shingoni, na neno hilo sikuweza kulifikisha nyumbani.

Asubuhi ile sikutulia. Nikamwambia mama asiende, jua kali.

"Jua la Newala umelijua leo?" akaniuliza.

Nikamwambia askari wana hasira. Akajifunga kaniki yake, akatoka.

Nikakata njia ya mkato mpaka kwa Cyril, mkalimani aliyesomea misheni. "Ndugu yangu, nirudishie kinyago changu."

"Kimeshaandikwa namba, Nurdini. Kikikosekana, kiboko ni cha mgongo wangu."

Nikajaribu kukifunika kwa mkeka. Askari akanisukuma kwa kitako cha bunduki, nikaanguka juu ya vijiko vya watu.

Wanawake wakaingia. Walipoliona lipiko walipiga yowe wakatimua mbio, mtungi wa mtu ukavunjika langoni, na Mdachi akacheka mpaka akafuta machozi. Nilimchukia, lakini moyo ukanitulia: mama naye atakuwa amekimbia. Nikageuka.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya lipiko, kidole chake kiko kwenye lile sikio.

Akaangua kilio, kile cha msiba, ambacho hakuna anayekiigiza. Wanawake waliokuwa mbali wakasimama. Akarudi mmoja, macho chini, kisha wa pili, kisha wote, wakaketi vumbini kumzunguka. Mwiko ni mwiko, lakini mfiwa haachwi peke yake. Uwanja wa boma ukawa matanga.

Mdachi akadhani ni wimbo wa kinyago. Akaagiza sanduku lake la kunasa sauti, lenye tarumbeta, akalizungusha mpini na kumsogezea mama mdomoni. Nilitaka kulipiga teke. Sikuthubutu, na aibu hiyo ninayo.

Mama akanyamaza. Hakulitazama tarumbeta, alinitazama mimi.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Siku gani?"

Nikamwambia. Akahesabu miezi kwa vidole, taratibu.

"Wapagazi walipokuwa wanateremka Lindi," akasema, "kila mara nilikupa unga wa mtama umpelekee. Na mwaka huu wa njaa nilijinyima nikakupa. Unga ule alikula nani?"

Sanduku lilikuwa bado linanasa sauti kati yetu. Cyril akainamisha kichwa.

"Mimi, mama."