Shavu la Kushoto

Mpiga picha alikuwa na miaka arobaini na mitano, na miaka ishirini kati ya hiyo ilipita akiwaambia watu wanyanyue kidevu. Mteja mgeni akiingia studio, macho yake yalikimbilia shavu la kushoto la mama huyo mpiga picha, halafu yakajifanya yanatazama ukuta.

"Ukimaliza kuliangalia, kaa kwenye stuli," mpiga picha alimwambia, na wengi waliishia kucheka.

Shavuni hapo palikuwa na baka alilozaliwa nalo, kutoka chini ya jicho hadi mdomoni. Utotoni lilikuwa la waridi, jepesi, hata mama yake akadhani litafutika lenyewe. Wapi! Alipovunja ungo lilikuwa jekundu, alipogonga thelathini likageuka zambarau, na sasa ngozi ilikuwa imenenepa na kuota vinundu.

Kinundu kimoja pembeni mwa pua ndicho kilichompeleka hospitali. Alikuwa anakata picha za pasipoti za mzee mmoja, akajifuta jasho, kinundu kikapasuka, damu ikadondokea picha zote nne. 

Daktari wa ngozi, msichana mwenye sauti ya taratibu, alimtuma kwanza apimwe presha ya jicho, maana baka la karibu na jicho huweza kuliharibu kimyakimya. Jicho lilikuwa zima.

"Mama, sitakuficha," daktari alisema. "Ungeletwa ukiwa mchanga, tiba ya mwanga wa leza ingelififisha sana. Sasa mishipa imetanuka. Vinundu tutavilaza, rangi itapungua kiasi, lakini kuisha kabisa, hapana. Na baada ya miaka linaweza kukolea tena."

"Afadhali umeniambia ukweli. Anza na vinavyotoa damu."

Dada yake mkubwa aliposikia habari ya leza alipiga vigelegele kwenye simu. "Hatimaye! Siku ya harusi ya mwanangu utakuwa kama watu."

"Kwani sasa niko kama nini?"

Dada akabadilisha mazungumzo.

Leza iliuma kama mpira wa nywele unaovutwa na kuachiwa shavuni, mara mia. Kila baada ya tiba shavu lilivilia damu na kuwa jeusi wiki nzima, naye alifungua studio vilevile. Baada ya mara ya nne vinundu vilikuwa vimelala, damu imekoma, na baka limepauka hapa na pale kama kitambaa kilichoanikwa juani.

"Tunaweza kuendelea," daktari alimwambia. "Uamuzi ni wako."

"Damu ilikuwa inanikera, umeikomesha, Mungu akubariki. Rangi hainiumi popote. Kikiota kinundu kingine nitarudi."

Dada alikuja juu. "Umeacha katikati? Basi siku ya harusi kaa nyuma ya kamera. Si ndiyo kazi yako?"

Siku ya harusi alikaa nyuma ya kamera kweli, asubuhi nzima. Ilipofika zamu ya picha ya familia, bibi harusi akaangaza huku na huku. "Mama mdogo yuko wapi? Sipigwi picha bila yeye."

Mpiga picha akaitega kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi, akatembea mbele ya macho ya wakwe wote, akasimama ubavuni mwa bibi harusi.

"Basi geuza uso," dada alimnong'oneza, meno nje, akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Hilo shavu lisionekane."

Akageuza. Aligeuza hadi shavu la kushoto likaikabili kamera lote, bila poda wala kivuli, akanyanyua kidevu. Kamera ikalia.

Picha hiyo aliichapa kubwa kuliko zote, akaitundika dirishani kwenye studio, mahali ambapo kila mpita njia angeiona. Dada alipiga simu siku ya tatu.

"Itoe, watu wananiuliza maswali."

"Waelekeze kwangu. Nafungua saa mbili."

Dada alinuna miezi miwili. Picha haikutoka.