Shemeji, Lamba Bati

Rangi ya paa la Bernardine ilikuwa imebambuka mara mbili. Mara ya kwanza alisema ni bahati mbaya, ya pili akamlaumu fundi. Sasa kutu ilikuwa imeanza kuyala mabati kwenye misumari, na rangi ikibambuka tena, nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe Kalume kule Kilifi, karibu kabisa na bahari, ingevuja kabla hajaihamia. Naye alikuwa ameshawaaga wazee anaowafulia nguo katika makao yao hapa Saint Paul, Minnesota: mwezi wa saba, Mungu akipenda, anarudi nyumbani akalale chini ya paa la buluu alilolitaka Kalume.

Asubuhi hiyo ya Machi alikuwa ndani ya gari la Héritière, mwanakwaya mwenzake kutoka Kongo, wakisubiri zamu ya kuoshewa gari kwenye mtaa wa Frogtown. Barabara zilimwagiwa chumvi majira yote ya baridi ili barafu iyeyuke, na gari jeusi likawa jeupe kama limepakwa unga. Simu ya video ikaita. Alikuwa Jairus, mdogo wake Kalume, anayesimamia kazi. Kwao ilikuwa alasiri, mabati yameanza kupoa.

"Shemeji, umeamka? Nimekodi mashine ya kupuliza rangi. Kabla ya magharibi paa limekwisha!"

"Na upepo?"

"Upepo... upo kidogo."

Nyuma yake alipita mbuzi mweupe wa jirani, ubavu mmoja wa buluu.

"Huyo mbuzi amepatwa na nini?"

"Tulikuwa tunajaribu mashine tu, shemeji. Hata juu hatujaipandisha."

Héritière alicheka mpaka akabonyeza honi bila kukusudia. Mwenye gari la mbele akageuka kuwakodolea macho.

"Rudisha mashine ya watu," Bernardine akasema. "Brashi kwenye misumari na maungio, rola kwingine kote. Nataka rangi ikae kwangu, siyo kwa mbuzi wa jirani."

"Nilimwambia, mama!" fundi Solomon akapiga kelele kutoka kwenye ngazi. "Akasema naiogopa mashine!"

"Kutu mmeikwangua?"

"Kwa brashi ya waya, kisha msasa," Jairus akajibu, akipanda ngazi na simu mkononi. "Na kuosha tumeosha. Hebu tazama linavyong'aa."

Bernardine aliisogeza simu karibu na macho. Palipokwisha kukauka pameachwa utando mweupe, mwembamba. Akashusha kioo, akautazama mlango wa gari kwa nje. Weupe ule ule. Na chini ya mlango huo palikuwa na tundu la kupitisha kidole, kazi ya chumvi ya barabarani.

"Mmeosha kwa maji gani?"

"Maji, shemeji. Maji ni maji."

"Jairus, lamba bati."

"Nini?"

"Lamba."

"Mbele ya fundi?"

"Hata mbele ya mbuzi."

Jairus akalamba. Uso ukamkunjamana. "Loo! Chumvi tupu!"

"Maji ya kisima chenu hayo."

Waliozaliwa kwenye boma lile hawaisikii chumvi ya kisima chao. Kalume, Mungu amrehemu, alikuwa akitia chembe ya chumvi kwenye chai ya Minnesota ndipo aone ni chai. Na mara zote mbili paa lilioshwa kwa maji hayo hayo, rangi ikapakwa juu ya chumvi.

"Sasa tufanyeje?" Sauti ya Jairus ilikuwa imeshuka. "Rangi tumeshaikoroga."

"Ifunikeni. Nenda kwa katekista, mwambie Bernardine anaomba maji ya mvua ya tangi la kanisa. Suuza paa lote. Kisha ulilambe tena."

"Tena!"

"Dada," Héritière akasema akijifuta machozi ya kicheko, "mimi ningekuwa shemeji yako ningehama."

Kesho yake wanawake wa kanisa walibeba ndoo wakiimba. Jairus akalamba kusini, akalamba kaskazini, akapiga simu. "Halina ladha, kama chakula cha hospitali." Ndipo Solomon akapaka rangi ya chini, ikakauka, akaja na buluu, mkono wa kwanza na wa pili.

Mwezi wa saba, amefika Kilifi na salamu hazijaisha, Bernardine aliomba ngazi. Akapitisha ukucha kwenye kichwa cha msumari. Hakikutoka kitu. Chini Jairus amekunja mikono.

"Zamu yako, shemeji. Lamba."

Bernardine akatazama huku na huku, akafanya ishara ya msalaba, akalamba.

"Chumvi," akasema.

"Mungu wangu!"

"Tulia, bwana. Hii imeletwa na upepo, iko juu ya rangi. Tutakuwa tunaisuuza. Iliyokuwa chini ndiyo iliyotutesa."

Mbuzi wa jirani akapita, ubavu bado buluu. Bernardine akamtazama kwa kuridhika: ile rangi ilikuwa nzuri kweli.