Ukuta Nyuma ya Kabati

Benedicte, mkaguzi wa serikali wa majengo ya kale, alifika Rumonge saa nne asubuhi akiwa na fomu ya kurasa sita. Nyumba ya Hadjara ilikuwa ya mwisho kwenye orodha yake. Ikipewa hadhi ya urithi, barabara mpya ya bandarini ingepindishwa kuikwepa. Ikikosa, ingebomolewa kabla ya mvua.

Hadjara, mjane wa miaka sabini na moja, alimngoja mlangoni amevaa kitenge kipya.

"Amahoro, madamu. Ingia. Nimepaka rangi, usije ukasema tunaishi kama kuku."

Kuta zote za mbao zilikuwa buluu, rangi nzito ya mafuta. Benedicte alisimama katikati ya sebule bila kuandika.

"Ulipaka lini, mama?"

"Iko wiki mbili. Peke yangu. Ngazi niliazima kwa jirani yangu Kassimu."

Nyumba ilijengwa mwaka 1931 na babu yake Hadjara, fundi wa mitumbwi kutoka Uvira. Ilisemekana aliunga mbao zake kama za mtumbwi: vigingi vya mti badala ya misumari, na kila ubao ukachongwa alama za nafasi yake. Thamani ya nyumba ilikuwa hapo. Sasa hapakuonekana kigingi wala alama, na fomu haikukubali "ilisemekana".

"Kila kiangazi tulipaka mafuta ya mawese," Hadjara alisema. "Lakini mawese ni ya sisi wenyewe. Mugeni wa serikali anapakiwa rangi."

"Siwezi kuandika nisichokiona, mama."

"Basi andika buluu."

Benedicte aliona kabati kubwa ukutani. Rangi ilikomea kwenye kingo zake.

"Na nyuma ya hili?"

Hadjara aliangalia pembeni. "Huko sikupaka. Linataka watu wawili."

Walilisukuma pamoja hadi katikati ya chumba. Nyuma yake mbao zilikuwa kahawia, kavu, na alama za patasi zilifuatana: moja, mbili, tatu, hadi tisa. Vigingi vilikuwa arobaini na viwili. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Benedicte alipiga picha, akaandika: uhalisi umethibitishwa.

"Hii inatosha. Nyumba itabaki."

"Murakoze, mwanangu."

"Tulirudishe kabati?"

"Acha hapo. Utalirudisha ukija tena."

Fomu haikuwa na nafasi ya ziara ya pili. Benedicte alifunga mfuko wake, akalizunguka kabati, akatoka.