Joto la Tindikali Nyeupe

Walisema mzungu wa maabara anapika watu. Habari hiyo niliikuta kisimani mwaka 1953, wiki tuliyohamia mgodini Geita kutoka Shinyanga, na ikakataa kunitoka kichwani. Eti anakuita ndani, anakwambia vua nguo, anakumwagia maji ulainike, kisha damu yako inaingia kwenye chupa. Nilikuwa nimesoma misheni hadi darasa la nne. Kusoma nilijua. Kuacha kuogopa sikujua.

Na mume wangu Donatus alikuwa anafanya kazi humo humo.

"Kazi yangu kutazama maji yakipata homa," aliniambia akicheka, mtoto wetu Klara akiwa mgongoni mwangu. Asubuhi alipima dhahabu na wenzake. Mchana mzungu alibaki naye kwa shughuli yake mwenyewe, ya masomo ya huko kwao. Kulikuwa na tindikali tatu, jamaa za siki, zilizotiwa klorini: ya kwanza mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu. Walimimina mojawapo katika chombo cha shaba kilichovikwa pamba na blanketi, wakaongeza maji ya soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, wakakoroga. Moto hakuna, lakini zebaki kwenye kipimajoto inapanda. Donatus aliisoma kila nusu dakika, mzungu akaandika.

"Joto linatoka wapi kama hakuna moto?" nilimuuliza.

"Ndilo analolitafuta."

"Baba Klara, siku akikwambia vua nguo, usiulize. Kimbia."

Alinicheka, lakini nilimbana mpaka akaahidi.

Alhamisi moja, mchana, aliingia nyumbani akihema, suruali imemganda pajani. Chupa ya ile ya klorini moja, chengachenga nyeupe kama chumvi zilizokwisha kuyeyushwa kwa maji, ilikuwa imempasukia mkononi ikamwagikia pajani.

"Mzungu kasema vua, kashika ndoo ya maji," akasema. "Nikatoka mbio, kama ulivyoniambia."

Pajani palikuwa na baka jeupe lisilofika viganja viwili, na alisema haliumi. Kwetu aliyeungua hatiwi maji, hupakwa samli. Nikachota kwenye kibuyu, nikapaka, nikafunga kitambaa.

"Samli yote hiyo," akasema, "bado kunikaanga tu."

Tulicheka. Wote wawili, tulicheka.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Nkwabi, mkalimani wa mgodi, na nyuma yake mzungu na gari la hospitali.

"Mama Klara, yuko ndani?"

"Hayupo. Kaenda mjini."

"Hii tindikali si kama moto, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Inapita kwenye ngozi. Aoshwe maji mengi, apelekwe kwa daktari, sasa hivi."

Mzungu alikuwa anachungulia juu ya bega langu.

"Nimesema hayupo."

Nyuma ya ukuta Donatus alikuwa amejibanza. Nilisikia gari likiondoka, nikashukuru Mungu.

Jua lilikuwa bado kali alipoanza kutapika. Kisha akatetemeka mwili mzima, akaniita kwa jina la mama yake. Nilifunga Klara mgongoni nikakimbia hospitali ya mgodi, miguu mitupu, kanga imeanguka njiani. Gari halikuwepo. Lilikuwa mjini, linamtafuta.

Alikufa kabla halijarudi. Daktari alisema labda asingepona hata hivyo. Neno hilo "labda" ninaishi nalo.

Klara, barua yako ya kazi ya maabara nimeisoma mara tatu. Nenda, sikuzuii. Lakini haya uyaepuke:

Usibaki na nguo iliyomwagikiwa, hata wakiwepo wanaume. Vua.

Usipake samli, wala mafuta yoyote. Maji, tena mengi, tena kwa muda mrefu.

Usipime jeraha kwa ukubwa wake, wala kwa kuwa haliumi.

Usifanye kazi usiyoielewa kwa kuona haya kuuliza.

Ukiungua, usikimbilie nyumbani kwangu.